Heshima ya Aliyezuia

Hebu tulitazame swali hili bila haraka, ndugu msomaji. Mtu aliyefanya jambo jema likatokea, na mtu aliyefanya jambo baya lisitokee, nani kati yao anastahili kupigiwa makofi zaidi? Uliza barazani popote, watu watakujibu upesi kwamba wote ni sawa, na pengine huyo wa pili amezidi, kwani si tumekaririshwa tangu shule ya msingi kwamba kinga ni bora kuliko tiba? Lakini maneno ni maneno tu. Ukitaka kujua watu wanaamini nini hasa, acha kuwasikiliza, nenda ukatazame wamemjengea nani sanamu.

Mfano nitakaoutumia unatoka mbali, Marekani, kwenye mchezo wa besiboli ambao wengi wetu tumeuona kwenye sinema tu. Mtu mwenyewe ni Bill Mazeroski, mzaliwa wa Wheeling, West Virginia, mwaka 1936, aliyeichezea timu moja tu, Pittsburgh Pirates, tangu 1956 hadi 1972. Walinzi mashuhuri katika mchezo huo ni wengi. Brooks Robinson wa Baltimore alizoa tuzo 16 za Glavu ya Dhahabu, Ozzie Smith alizoa 13, na wote wawili waliingizwa kwenye Jumba la Heshima mara tu majina yao yalipopigiwa kura kwa mara ya kwanza. Hao hawana kesi. Mwenye kesi ni Mazeroski, na ndiyo maana nimemchukua yeye.

Kwa asiyeujua mchezo nitaeleza kidogo, maana sheria zake zote zikiandikwa hapa jarida litajaa. Mrushaji anarusha mpira. Mpigaji anasimama na gongo (la mti, si lile la kunywa) akijaribu kuupiga. Akiupiga anakimbia kituo cha kwanza, halafu cha pili, cha tatu, mpaka arudi pale alipoanzia, na hapo timu yake imepata pointi moja. Kati ya kituo na kituo ni kama mita 27. Walinzi wametapakaa uwanjani na glavu zao za ngozi. Wakiudaka mpira kabla haujagusa chini, au wakiuwahisha kituoni kabla ya mpigaji aliyeupiga, mtu ametolewa. Wakitolewa watatu zamu ya timu imekwisha, inaingia kulinda. Kila upande una zamu tisa. Na mpigaji akiupiga mpira ukavuka ukuta wa mwisho wa uwanja, anavizunguka vituo vyote kwa raha zake, hakuna wa kumgusa.

Sasa tuseme mkimbiaji mmoja ameshafika kituo cha kwanza, na mwenzake akaupiga mpira ukatambaa chini kumwelekea mlinzi aliye kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mlinzi anauokota, anamrushia mwenzake anayekuja mbio kukanyaga kituo cha pili. Huyo wa kituo cha pili ndiye Mazeroski. Anatakiwa audake huku mguu umegusa kituo, hapo mmoja ametoka, kisha ageuke aupeleke kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika, wa pili naye atoke. Tangu gongo ligonge mpira mpaka kazi iishe ni sekunde nne na kidogo. Na katika sekunde hizohizo yule mkimbiaji wa kwanza, ambaye anajua kwamba yeye ndio basi tena, anakuja kwa kujirusha chini, miguu mbele, makusudi amkumbe mlinzi ashindwe kurusha. Enzi hizo ilikuwa ruhusa kabisa.

Walinzi wengi waliona bora kuruka pembeni na kunusuru magoti yao. Mazeroski alibaki palepale. Glavu yake ilikuwa ndogo na ngumu, na mpira ulipofika haukukaa ndani. Uligonga tu na kuangukia mkono wa kulia, na mtazamaji akija kupepesa macho uko njiani kwenda kituo cha kwanza. Wenzake wakambatiza jina, “Asiye na Mikono”, kwa kuwa ilionekana kama mpira haukumgusa. Kutoa wawili kwa mpigo mmoja namna hiyo alishiriki mara 1,706 akiwa mlinzi wa kituo cha pili, hesabu ambayo hakuna wa nafasi yake aliyeifikia. Mwaka 1966 peke yake zilikuwa 161. Glavu za Dhahabu alipata 8.

Kwa gongo alikuwa wa kawaida tu. Katika kila mara mia alizojaribu, alifika kituoni kwa kupiga mara 26, na hiyo si habari ya kumwandikia mtu barua nyumbani. Mipira aliyovusha ukuta ni 138 kwa misimu 17. Mabingwa wa kazi hiyo huvusha mara nne au tano ya hapo.

Ila mmoja kati ya hiyo 138 uliibeba historia yake yote.

Tarehe 13 Oktoba 1960, uwanja wa Forbes Field, Pittsburgh. Ilikuwa mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, zile ambazo Wamarekani, kwa majigambo yao, huziita za Dunia. Wapinzani ni New York Yankees, matajiri wa mchezo, ambao katika mechi saba hizo walifunga jumla ya pointi 55 dhidi ya 27 za Pirates. (Na bado walishindwa! Hesabu ya mechi siyo hesabu ya pointi.) Zamu ya tisa, ngoma iko 9 kwa 9, Mazeroski anaingia na gongo. Mrushaji ni Ralph Terry. Mpira wa kwanza anauacha. Wa pili anaukung’uta, Yogi Berra aliyekuwa akilinda upande wa kushoto anaukimbilia, anageuka, unampita juu na kuvuka ukuta. Kwisha. Ilikuwa mara ya kwanza fainali hizo kumalizwa kwa pigo la namna hiyo. Mazeroski akavizunguka vituo huku anapunga kofia kama kichaa, mashabiki wanamkimbilia uwanjani.

Ukienda Pittsburgh leo utalikuta pigo hilo kila mahali. Uwanja wenyewe ulibomolewa mwanzoni mwa miaka ya sabini, lakini kipande cha ukuta kimeachwa, na kila tarehe 13 Oktoba mashabiki hukusanyika hapo kusikiliza upya matangazo ya redio ya mechi ile, kana kwamba safari hii huenda mpira ukadakwa. Mwaka 2010 timu ikamsimamishia sanamu nje ya uwanja mpya. Je, sanamu inamwonyesha akiwa kituo cha pili, amesimama imara, mkimbiaji anakuja na miguu mbele? Hapana. Inamwonyesha anakimbia baada ya pigo la 1960, mikono imetandazwa, kofia mkononi.

Mtu alizuia mara 1,706 na sanamu yake ni ya siku aliyofunga. Nadhani hapo tumeshapata jibu la baraza letu.

Lakini tusiishie kulalamika, maana jambo hili lina tumbo. Turudi zamu moja nyuma katika mechi ileile. Zamu ya nane Pirates walikuwa nyuma kwa 7 kwa 4. Mkimbiaji wao mmoja yuko kituo cha kwanza, na Bill Virdon akapiga mpira wa chini, laini, moja kwa moja kwa Tony Kubek wa Yankees, aliyekuwa akilinda kati ya kituo cha pili na cha tatu. Mpira wa kutoa wawili kwa mpigo, wa kitabuni kabisa. Njiani ukagonga mahali pabaya ardhini, ukaruka na kumpiga Kubek kooni. Akaanguka. Alitolewa uwanjani akapelekwa hospitali, wakimbiaji wote wawili wakawa salama, na kutoka hapo Pirates wakafunga pointi tano katika zamu moja. Yankees walikuja kusawazisha zamu ya tisa, ndipo tukafika pale kwenye 9 kwa 9.

Sasa fikiri. Mpira ule ungeruka sawasawa, Kubek angeuokota, wawili wangetoka, na zamu ingekuwa karibu imekwisha. Yankees wangebaki mbele kwa pointi tatu. Pengine wangeshinda, na pengine Mazeroski asingepata ile nafasi ya kuupiga mpira uliomfanya awe sanamu. Yaani pigo lake maarufu limesimama juu ya kushindikana kwa kazi ileile ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa fundi wake mkubwa! Na tunajua thamani ya kazi hiyo siku hiyo kwa nini? Kwa sababu ilishindikana. Ilipofanikiwa, na kwake ilifanikiwa mara 1,706, watazamaji walipiga makofi kidogo, wakanywa soda, wakaendelea. Pointi tano ambazo zingemwagika baada ya hapo hazikumwagika, kwa hiyo hakuna aliyeziona. Nani anaweza kushangilia pointi ambazo hazikufungwa?

Huu ndio unyonge wa mlinzi popote alipo. Kazi yake ikienda vizuri inafutika. Ikienda vibaya inaandikwa na jina lake. Kubek alicheza vizuri sana fainali zile, na kwenye mpira ule hakuwa na kosa hata chembe, ardhi ndiyo iliyomgeuka, lakini uliza wanaoikumbuka mechi ile: watakutajia koo lake. Hata sisi wa mpira wa miguu tunalijua hili. Golikipa huingia kwenye mazungumzo ya wiki nzima siku aliyofungwa bao la kizembe.

Hapa mwerevu mmoja atanikatiza. Atasema: unatudanganya, bwana. Kilichotokea kinapimika, kisichotokea hakipimiki. Ukianza kugawa heshima kwa mambo yasiyotokea, umewafungulia mlango matapeli wote. Kila mtawala aliyeng’ang’ania kiti amesema, bila mimi nchi ingewaka moto. Kila mganga aliyempa mtu hirizi amesema, umeona, hujarogwa.

Hoja hii ina uzito na siidharau. Mlinzi wa kweli na tapeli wanatamka sentensi ileile. Na upande wa pili wa sarafu ni mbaya vilevile: mlinzi wa kweli huitwa tapeli kwa sababu alifaulu. Kumbukeni hofu ya mwaka 2000, ilipodhaniwa kompyuta zitachanganyikiwa kwa kuandika mwaka kwa tarakimu mbili. Mafundi walihangaika miaka kadhaa kurekebisha programu, mwaka ukaingia kwa amani, na shukrani waliyoipata kwa watu wengi ni kuambiwa kwamba tatizo lenyewe lilikuwa uongo mtupu.

Tena hata zile 1,706 mwerevu wetu anaweza kuzitikisa. Ili utoe wawili kwa mpigo lazima kwanza pawe na mtu kituo cha kwanza, na warushaji wako wawe wa aina inayosababisha mipira ya chini. Lazima uwe na mwenzako wa kukupasia; mwaka ule wa 161 Mazeroski alikuwa na Gene Alley, ambaye naye alipata Glavu ya Dhahabu. Siku hizi watu wa takwimu wana mahesabu yao ya kukadiria pointi ambazo mlinzi aliziokoa, na Mazeroski wanamweka kileleni mwa walinzi wa kituo cha pili. Mahesabu hayohayo yanasema gongo lake lilikula sehemu kubwa ya faida hiyo. Basi nisimtetee kwa uongo. Hakuwa mchezaji mkubwa kuliko wote, na sijasema hivyo.

Ninachosema ni hiki. Tapeli hukuonyesha tokeo tu: nchi haijawaka, wewe hujarogwa, lipa. Mikono yake hukuiona ikifanya chochote. Mlinzi wa kweli tokeo lake halionekani, lakini kazi yake inaonekana mchana kweupe. Mazeroski alisimama mbele ya maelfu ya watu, mkimbiaji anamjia magotini, na hakuhama. Aliyetaka kuona aliona. Kwa hiyo kumpima mlinzi kunataka kumtazama akiwa kazini, na hiyo ndiyo gharama ambayo hatutaki kulipa, maana kumtazama mfungaji ni rahisi, kelele za uwanja zitakuamsha hata kama ulikuwa umesinzia.

Katika sinema ya 1968, The Odd Couple, kuna kichekesho kinachonifurahisha sana kuhusu jambo hili. Mwandishi wa habari za michezo amekaa uwanjani. Mazeroski mwenyewe, akicheza kama Mazeroski, anapiga mpira, na walinzi wanatoa watu watatu kwa mpigo, jambo adimu ambalo shabiki anaweza kulisubiri miaka. Mwandishi halioni. Aliitwa kwenye simu na kugeuka nyuma kuzungumza mambo ya chakula cha usiku. Na huyo ndiye analipwa kutazama!

Waandishi wa kweli ndio waliokuwa na kura ya Jumba la Heshima lililoko Cooperstown, New York. Kuingia kulitaka asilimia 75. Miaka 15 jina la Mazeroski lilikuwa mbele yao, na hata nusu hakuwahi kufikisha. Baadaye, mwaka 2001, kamati ya wakongwe ikampitisha. Kelele zikawa nyingi: wengine wakasema kabebwa na marafiki, wengine wakasema kaingia kwa pigo moja la 1960. Mwaka huohuo kamati ile ilivunjwa ikaundwa upya.

Agosti 2001 akasimama Cooperstown kutoa hotuba. Alikuja na karatasi 12. Akasema anaamini ulinzi nao una haki ya kuwa ndani ya jumba lile, akajaribu kuendelea, koo likamkaba. Akajaribu tena. Mwisho akazikunja karatasi, akawaomba radhi jamaa waliosafiri kuja kumsikiliza, akaketi analia. Haikufika dakika tatu. Wachezaji wakongwe waliokuwa nyuma yake wakainuka na kumpigia makofi.

Hotuba ile inanirudisha kwenye fundisho moja tunalolipenda mno: eti mtu mwema hatafuti shukrani, akitenda aende zake. Ni fundisho zuri kwa mtu kujiambia mwenyewe. Likitoka mdomoni mwa aliyetendewa, linakuwa hila ya kukwepa deni. Mama anayeamka saa kumi kuchemsha maji ya kunywa ili watoto wasiharishe, muuguzi anayezunguka vijijini na boksi la chanjo, tunawaambia, thawabu yenu iko mbinguni, halafu medali tunampelekea mwingine. Mazeroski alikuwa mtu mpole, asiye na makuu, kila aliyecheza naye anashuhudia hivyo. Pigo lake lilikuwa limekwisha kumpa umaarufu wa kumtosha mtu yeyote. Kumbe miaka 41 baadaye, mbele ya watu wote, alichotaka kukisemea ni ile kazi nyingine. Mtu asiyehitaji kuonwa hawezi kulia namna ile, na simuoni kuwa amepungukiwa kwa sababu hiyo. Alitaka watu wajue alikuwa anafanya nini kila siku.

Wapo watakaosema kwamba sanamu lazima iwe ya tukio, kwa kuwa shaba haiwezi kuonyesha kitu kilichojirudia kwa miaka 17. Labda. Lakini mchongaji aliyeweza kumchonga mtu anayekimbia ameshindwaje kumchonga mtu aliyesimama?

Oktoba 2015, katika mechi za mtoano, Chase Utley wa Los Angeles Dodgers alijirusha kituo cha pili akamkumba Ruben Tejada wa New York Mets, aliyekuwa akijaribu kutoa wawili kwa mpigo. Tejada alivunjika mguu. Msimu uliofuata, 2016, sheria ikabadilishwa: mkimbiaji haruhusiwi tena kukiacha kituo na kumfuata mlinzi ili kumwangusha, akifanya hivyo na mpigaji naye anahesabiwa ametoka. Sheria hiyo kila ikitajwa, jina la Tejada linatajwa. Wale ambao miguu yao haijavunjika tangu hapo hatuwezi kuwataja, maana hata wenyewe hawajijui.